Nyayo Zilizoingia Melini

Watu wa kwetu wakisikia kwamba nafanya doria ya baharini, kwanza hunitazama miguu. Sijui huwa wanatafuta magamba. Nimezaliwa kwenye boma la ng'ombe nje kidogo ya mji wa Bariadi, mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni lambo la kunyweshea mifugo, na kiangazi kikikolea hata hilo lambo hubaki tope la kukanyagwa. Kuogelea nilijifunza nikiwa mtu mzima mwenye mshahara, tena kwa aibu, kwa sababu walionifundisha walikuwa watoto wa wavuvi waliokuwa wakinicheka waziwazi.

Sekondari nilisoma Maswa, nikiwa nimepanga chumba Nyalikungu. Baada ya hapo nikaenda chuo cha uvuvi kwa kuwa ndiko nafasi ilikopatikana, wala si kwa sababu nilipenda samaki. Nikapangiwa Busega, kata ya Kalemela, ziwani. Huko ndiko nilikozoea boti, nyavu za macho madogo, matusi ya wavuvi wanapokamatwa nazo, na doria za pamoja na wenzetu wa nchi jirani, maana lile ziwa lina wenyewe watatu na samaki haulizi mpaka uko wapi. Nilikuwa mkali na najijua. Kuna waliokuwa wananiita askari wa mamba, nami sikuona sababu ya kuwakataza.

Kisha ikaja nafasi ya kwenda bahari kuu. Kuna nchi moja ya visiwa huko Bahari ya Hindi ambayo nchi kavu yake ukiileta Simiyu inaenea na malisho yanabaki, lakini bahari iliyo mali yake hutaimaliza kwa macho wala kwa siku nyingi za kusafiri. Wao wenyewe wana boti chache, na hizo chache zina mafundi wengi kuliko wanamaji. Meli za uvuvi kutoka mbali zinaingia humo zinavyotaka, zinachota jodari na kukata mapezi ya papa, zinaondoka. Kwa hiyo nchi kadhaa zimekubaliana kusaidiana. Nchi kubwa ya mbali inatoa meli ya doria, nyingine inatoa ndege ya kuangalia kutoka juu, na sisi majirani tunatoa maafisa wanaojua sheria za uvuvi na lugha za mabaharia. Walihitaji Mtanzania, na ikasisitizwa kwamba mwanamke asiyeogopa boti ni bora zaidi. Wenzangu wa pwani walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja aliniuliza huku nyuma nimemwachia nani ng'ombe.

Nilitapika siku za mwanzo, hilo sitalificha. Ziwa lina mawimbi, lakini bahari ina tabia ya kukuinua polepole kana kwamba inataka kukuonyesha kitu, halafu inakuachia. Nilikaa chumba kimoja na afisa wa ile nchi ya visiwa, mwanamke wa umri wangu, mpole wa sauti na mbishi wa hoja. Kiswahili chake alikipata kwa biashara za mama yake Dar es Salaam. Lugha ya kwao nayo iko jirani na Kiswahili, hivyo tulielewana bila shida, isipokuwa nikikoroma. Akisikia nimeanza kukoroma alikuwa ananitupia kandambili.

Yeye ndiye aliyekuwa mtu muhimu kuliko wote kwenye ile meli, ingawa hakuwa na mizinga wala nyota mabegani. Utaratibu ni kwamba mwenye bahari ndiye mwenye kukamata. Nahodha anaweza kuwa na meli kubwa kama mtaa, wanajeshi wake wakawa na silaha na boti za mpira zinazokimbia kama wazimu, lakini mpaka yule dada aseme "nawakamata", hakuna aliyekamatwa. Sisi wengine tulikuwa mashahidi na wasaidizi. Tunapanda meli ya watu pamoja naye, tunafungua majokofu, tunapima samaki, tunazungumza na mabaharia, na mwisho tunamtazama yeye. Niliupenda utaratibu huo. Ziwani nilizoea kuona watu wakigombania mamlaka na mtuhumiwa anapiga kasia taratibu anajiondokea.

Asubuhi moja ndege ikaona meli ya mishipi mirefu ikivua mahali palipokatazwa. Tuliifikia mchana. Nahodha wao alijifanya hajui lugha yoyote ya binadamu. Kwenye jokofu la chini, chini ya jodari waliopangwa vizuri, tukakuta magunia ya mapezi ya papa, mengi ya kutosha kuwa kesi nzito. Yule dada akasema neno lake. Wanajeshi wakasimama mahali pao, nami nikapewa kazi ya kuwapanga mabaharia kwenye sitaha, kuwauliza wanatoka wapi na kama kuna mgonjwa.

Walikuwa watu wa mataifa mbalimbali, wamechoka, ngozi zimepauka kwa chumvi. Nilipita mmoja baada ya mwingine. Mmoja alikuwa ameinamisha kichwa. Nilipofika mbele yake akasema kwa sauti ndogo, "Mwadila, mayu."

Hiyo ni salamu yetu Wasukuma ya mchana, na mayu ni mama, salamu ya mtu anayekukuta njiani ukitoka shamba. Sikutegemea kuisikia pale. Nilimtazama vizuri nikamtambua. Alikuwa mvuvi wa Kalemela, mtu mzima mwenye mke na watoto, ambaye mtumbwi wake ulikuwa unaegeshwa karibu na ofisi yetu. Mkewe alikuwa ananiuzia sato na kunipunja kila mara kwa kunichekesha. Mwanaume huyu aliondoka kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi ya meli wakati samaki walipopungua ziwani. Mwanzoni alikuwa anapiga simu na kutuma chochote, halafu simu ikazimika kabisa. Wengi tulidhani amekufa. Wazee wa ukoo wake nao walidhani hivyo, na walikuwa wameanza kumwambia mkewe kwamba msiba uwekwe na yeye arithiwe na shemeji yake. Mke alikuwa amegoma. Alikuwa anasema mume wake yupo, na kwamba hamlilii mtu ambaye hajaambiwa amefia wapi.

"Nyumbani hawajambo?" akaniuliza.

"Hawajambo. Wanakuhesabu kuwa marehemu, ila mkeo hataki."

Nilimwambia nikifika bandarini nitampigia mkewe, aache kuhangaika. Akainamisha kichwa tena, kisha akasema, "Sawa, mayu." Nilidhani ni furaha.

Meli ile tuliisindikiza hadi bandari ya visiwani. Pale tuliwakabidhi rasmi watu na shehena kwa serikali ya nchi hiyo, na aliyepokea kwa niaba ya nchi yake alikuwa yuleyule dada wa kandambili. Nahodha akapelekwa kwa askari. Mabaharia wakaambiwa wakae kwenye meli yao hapo bandarini hadi watoe maelezo yao. Nilipopata mtandao nilifanya jambo ambalo hakuna aliyenituma. Nilimpigia yule mama wa Kalemela, nikamwambia mumewe ni mzima.

"Umemwona wewe mwenyewe?" akauliza.

"Kwa macho yangu. Kanisalimia Kisukuma."

Sikusikia kilio wala kigelegele. Nilisikia pumzi ndefu, halafu akasema wabeja, yaani asante, akarudia tena wabeja. Nilikata simu nikiwa najiona mtu mwema kuliko wote waliokuwa kwenye gati ile.

Doria iliendelea miezi kadhaa. Nilipopewa likizo nilirudi Bariadi wakati pamba inachumwa. Baba na mama bado wako kwenye boma lilelile. Baba anafuga, mama analima pamba na mahindi, na kila mmoja analalamika kuhusu mwenzake. Nilitegemea kupumzika, kunywa maziwa mgando na kusimulia habari za bahari kwa watu watakaoshangaa ipasavyo. Siku ya pili, kabla jua halijawa kali, bodaboda mbili zikaingia uani. Kwenye ya kwanza alikuwa mzee mmoja ameshika fimbo yake ya kuchungia, kwenye ya pili alikuwa yule mama wa Kalemela. Yule mzee alikuwa baba mkwe wake. Walikuwa wametoka Busega alfajiri kwa basi.

Nilitoka mbio kuwapokea. Mama akatoa viti, akaita watu wa kuleta uji. Wakasalimia kwa heshima zote, yule mama akapiga magoti kwa baba na kwa mama, lakini hawakuingia ndani na uji hawakuugusa. Walikaa kwenye kivuli cha ghala. Hapo nikajua kuna shauri, maana kwetu mwenye madai hali chakula cha anayemdai kabla hajasikilizwa.

Baba alizaliwa kwa ajili ya siku kama zile. Kwa miaka mingi alikuwa kamanda wa sungusungu wa kijiji, lile jeshi la wananchi la kulinda mifugo, na tangu alipoachia ngazi hajapata mahali pa kutumia sauti yake. Alivaa koti, ingawa palikuwa na joto, akakaa mbele yao na kuuliza wamekuja na neno gani.

Yule mzee alimwachia mkwe wake aseme. Hilo peke yake halikuwa la kawaida, kwa sababu kwetu mkwe wa kike hamwagi maneno mbele ya baba mkwe. Yule mama alizungumza akiwa ametazama chini. Alisema binti wa boma hili alimpigia simu akamwambia amemwona mume wake. Kwa neno hilo wazee wa ukoo wakasimamisha msiba. Tangu hapo hakuna simu nyingine, hakuna salamu, hakuna mtu aliyerudi. Wazee sasa wanamwambia ameleta maneno ya uongo ili asirithiwe. Yeye amebaki si mke wala si mjane, na amechoka.

"Nyayo za mume wangu ziliingia kwenye meli ya binti yako," akasema. "Nimekuja aniambie zilitokea wapi."

Nilisikia mama akivuta pumzi. Nami nilielewa mara moja, na kila aliyekuwepo alielewa. Hiyo ni sheria ya ng'ombe. Ng'ombe wakiibiwa, yowe linapigwa na watu wanafuata nyayo. Zikiingia kwenye ardhi ya kijiji kingine, wanaofuata wanasimama mpakani na kuwaita wenye kijiji, wanawaonyesha: tazameni, zimeingia kwenu. Kuanzia hapo mzigo ni wa kijiji hicho. Ama wanaonyesha nyayo zilipotokea upande wa pili na kuwaita jirani zao nao wazipokee, ama wanalipa ng'ombe. Huwezi kusema hukuiba. Hakuna aliyekuuliza kama umeiba. Baba aliwahi kuvilipisha vijiji vizima kwa sheria hiyo, na alikuwa akisimulia habari hizo kila penye pombe.

Safari hii, hata hivyo, sheria ilikuwa imekaa kwenye kizingiti chake, na baba akaanza kutafuta mlango wa nyuma. Alikohoa. Akasema sheria ile ni ya nchi kavu. Akasema, "Mama, bahari haina nyayo."

"Ni kweli, baba," yule mama akajibu. "Mimi sijazifuata, sijui bahari. Binti yako ndiye aliyesema ameziona."

Yule mzee wa Kalemela aliitikia kwa kichwa mara moja tu. Baba alinigeukia kama anayeniuliza kwa nini sikuwa bubu.

Nilikasirika, tena sana. Nilimweleza yule mama kwamba mimi ni afisa mmoja mdogo, kwamba bahari ile ni ya nchi nyingine, kwamba tulipofika bandarini tuliwakabidhi watu wote kisheria na kuanzia hapo kesi si yetu. Nilieleza habari za makubaliano, nani ana mamlaka ya kukamata na nani hana. Nilijieleza kwa Kiswahili cha ofisini mpaka nikajichosha mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Mliwakabidhi kwa nani?" akauliza.

"Kwa nchi yenye bahari ile. Kwa afisa wao."

"Mtu?"

"Mtu, ndiyo. Mwanamke mwenzetu."

"Unamfahamu?"

"Nililala naye chumba kimoja."

Aliniangalia tu kwa mara ya kwanza tangu afike, na nikaona nimeshajijibu. Nilikuwa nimetaja jina la kijiji cha jirani na nimekiri kwamba najua njia ya kufika huko. Baba akajikusanya, akarudisha sauti yake ya ukamanda na kutangaza kwamba madai yamesikika, binti atamwita jirani yake azipokee nyayo, na kwa sasa wageni wanywe uji. Aliyasema kana kwamba wazo lilikuwa lake. Baadaye jikoni mama alinipa maneno yangu pia. Aliye kando haangukiwi na mti, akasema. Nani alinituma kupiga simu?

Nilimtafuta yule dada wa visiwani, simu ikaita bila kupokewa. Nikamwandikia ujumbe. Ilibidi nimweleze kwamba sitafuti habari za kesi wala siri ya ofisi, nataka kujua tu kama mtu fulani, mrefu, mwenye kovu la ndoana kwenye shavu, bado yuko pale bandarini. Nilitegemea anijibu kwa utaratibu, yaani niandike kwa wakubwa wangu, wakubwa wangu waandikie wakubwa wake. Jioni akajibu kwamba kesho atashuka gatini mwenyewe kuangalia, na akaniuliza kama bado nakoroma.

Wageni wakalala kwetu. Asubuhi yule mama hakukaa kusubiri. Aliomba gunia akaingia shambani na mama, nami nikaona aibu nikawafuata. Ana mikono myepesi. Anachuma pamba safi bila majani huku anazungumza. Alinisimulia kwamba ana shamba lake mwenyewe Kalemela, upande wa juu mbali na ziwa, na kwamba tangu mume aondoke pamba ndiyo imewalisha yeye na watoto. Nyumba ya matofali aliijenga yeye, sasa imefika kwenye kenchi. Shemeji yake si mtu mbaya, akasema, lakini ana mke tayari na hana haraka ya kitu chochote duniani. Alicheka kidogo alipofika hapo. Nilimwuliza kama anamtaka mumewe arudi. Alichuma mashina kadhaa kabla ya kunijibu.

"Nataka kujua kama nasubiri mtu," akasema.

Simu iliita mchana, tukiwa tumerudi uani na pamba tumeitandaza kwenye maturubai. Yule dada alikuwa gatini, nasikia upepo na mlio wa mashine. Aliniambia kwanza peke yangu, kwa sauti yake ya chini, na namshukuru kwa hilo. Mabaharia wa ile meli walikwisha kutoa maelezo na kuachiwa zamani, muda mfupi tu baada ya meli yetu ya doria kuondoka bandarini. Hawakushtakiwa. Wakala wa meli alipaswa kuwasafirisha makwao, na waliotaka walisafirishwa. Huyu wetu alibaki. Alikuwa anafanya vibarua hapo bandarini, na sasa ameandikishwa kwenye meli nyingine ya uvuvi, hii ina leseni yake, inaondoka kesho. "Amesimama hapa mbele yangu," akasema. "Nimemwambia nyumbani wanamtafuta. Unataka kuongea naye?"

Miezi yote hiyo nilidhani sheria ndiyo iliyomshika, na mkewe alidhani mimi. Hakuna aliyekuwa amemshika. Ningeweza kuingia ndani na simu yangu, nikaongea naye, nikatoka na maneno niliyoyachuja. Kwa hasira niliyokuwa nayo, sikuona kwa nini nimfanyie kazi hiyo. Niliwaambia wote pale uani nilichoambiwa, vilevile kilivyokuja, kisha nikaweka simu kwenye spika juu ya kigoda. Tukaanza kuongea Kisukuma.

"Baba yupo?" sauti ya yule mwanaume ikauliza.

"Yupo," nikasema. "Na mkeo yupo."

Upepo wa huko ukavuma kwenye simu. Mzee akasogea, akainama juu ya kile kigoda kana kwamba anaangalia kisima.

"Mwanangu, u mzima?"

"Ni mzima, baba."

"Unarudi lini?"

"Baba, nirudi na nini? Nimekwenda mtu mzima, nirudi mikono mitupu nipite mbele za watu? Hii meli ni nzuri, si kama ile. Nikimaliza mkataba nitakuja nikiwa na kitu cha kuonekana."

Mtoto wake alikuwa hai, anaongea, na kwa mzee yule nafikiri hilo lilikuwa limejaza siku yote. "Sawa," akasema. "Sawa, baba. Jihadhari na maji." Akarudi kwenye kiti chake.

Yule mama akaja mbele. Alipiga magoti kwenye vumbi karibu na kigoda, kama anavyopiga magoti mwanamke anayemsalimia mumewe aliyetoka safari, akasalimia. Mume akaitikia, akamwita mama watoto, akauliza habari za watoto. Alimjibu kwamba hawajambo. Kisha akamwuliza, mbele ya baba mkwe na mbele ya sisi sote, jambo ambalo nina hakika hajawahi kulifanya maishani mwake.

"Ulipoachiwa, ulikuwa na simu?"

"Nilikuwa nayo."

"Namba yangu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo, mama watoto. Nilikuwa naona aibu."

"Wazee walitaka kukulilia nikawakatalia. Walitaka kunihamisha nyumba nikawakatalia. Nimeitwa mwongo kwa ajili yako. Baba yako yuko hapa anasikia, na hawa wenye boma wanasikia. Niambie. Nikusubiri?"

"Nisubiri," yule mwanaume akasema haraka. "Mkataba mmoja tu. Nisubiri."

Yule mama alitikisa kichwa, kana kwamba anaonekana huko aliko.

"Hapana," akasema. "Nilikuwa nasubiri mtu aliyefungwa. Wewe hujafungwa. Sitahama na sitarithiwa, kwa sababu wewe si marehemu, baba amekusikia mwenyewe. Nyumba yangu nikiuza pamba naiezeka. Watoto ni wako, wasalimie unapotaka, namba unayo. Lakini siku ukija pale usiingie. Piga hodi kama mgeni, na mimi nitaangalia kama naitikia."

Nilimtazama baba mkwe wake. Yeye ndiye aliyekuwa na neno la ukoo, na kama angetaka kumkemea, pale ndipo mahali. Alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. "Nimesikia," akasema, na ilikuwa wazi kwamba hasemi na mwanawe. Baba yangu, ambaye hajawahi kuacha kikao kipite bila kukifunga kwa hotuba, alifungua mdomo halafu akaufunga.

Yule mama alisimama, akafuta kioo cha simu kwa pindo la kitenge chake, akanikabidhi. Nilitoa spika nikaiweka sikioni. Yule dada wa visiwani alikuwa amerudi hewani. Hakuwa ameelewa hata neno moja la Kisukuma, lakini alikuwa ameona uso wa mtu aliyeshika simu yake.

"Amesema nini mkewe?"

"Amesema hamsubiri tena."

Nilisikia honi ya meli kwa mbali na watu wakiitana.

"Bado amesimama hapa," akasema. "Ananiangalia. Nimwambie nini?"

Niligeuka kumtafuta yule mama. Alikuwa ameshajifunga kitenge vizuri kiunoni, amechukua gunia lake, anavuka uani kurudi shambani, na mama yangu anamfuata nyuma bila kusema kitu.

"Mwambie awahi," nikasema, "asije akaachwa na meli."